Bei Kwenye Skrini

Sijawahi kumpenda winga yeyote, na sitaki mtu aniambie kwamba nao wanatafuta riziki. Najua wanatafuta riziki. Nimekaa nao mlango mmoja tangu nilipomaliza shule, nimewauzia maji, nimewatunzia simu zao zikichajiwa, na bado nikimwona mmoja anakuja amemshika mteja mkono kama mtu aliyemwokota, moyo wangu unachafuka.

Kwa asiyeijua Kariakoo, winga ni mfanyabiashara asiye na duka. Anasimama barabarani, anamdaka mteja, anamuuliza anatafuta nini, kisha anampeleka kwenye duka lako na kumtajia bei. Bei hiyo ni ya kwako pamoja na cha juu alichojiongezea mwenyewe. Wewe mwenye duka unanyamaza. Mteja akikuuliza bei ni kiasi gani, unamtazama winga, yeye ndiye anayejibu. Wala si siri. Kila muuzaji anaujua utaratibu huo na anauheshimu, kwa sababu duka lililojificha ndani ya kichochoro bila mawinga linaweza kushinda kutwa nzima bila mtu kuingia.

Duka la dada yangu lilikuwa limejificha hivyo hivyo. Ni fremu ya kuuzia mapazia, kwenye kichochoro kinachotokea Msimbazi, chini ya ghorofa ambalo mwenye nalo hajalimaliza mpaka leo. Kazi yangu ilikuwa kaunta. Mteja anataja upana wa dirisha, mimi nafanya hesabu ya kitambaa kulingana na mikunjo anayotaka, naongeza bomba na ringi, nakata. Mteja anabadili mawazo, anataka kitambaa kingine, naanza upya. Huku jenereta la jirani linanguruma, jasho linatiririka, na kuna mtu anapita na toroli anakuambia usogeze mguu. Niliichukia kaunta ile. Nasema niliichukia kwa maana yake yote. Asubuhi nikifungua kufuli nilikuwa tayari nahesabu saa za kufunga.

Ndiyo maana nikamwambia dada nataka kusoma kutengeneza programu. Alicheka kwanza. Dada ni mkubwa wangu kwa mbali, amenilea baada ya mama kufariki, na ana tabia ya kucheka kabla ya kukubali. Mwisho akanipa sharti. Atanilipia darasa, nami nitatengeneza programu ya duka, ya kufanya hizo hesabu za mapazia. Programu ikikaa dukani mpaka Idi ipite, na biashara isiyumbe, ataweka msichana mwingine kaunta na mimi niende zangu nikafanye hiyo kazi ya kompyuta ninayoitaka. Ikishindikana, nirudi kwenye mkasi na nisimpigie tena kelele. Tukakubaliana.

Darasa lilikuwa Upanga, sebuleni kwa mwalimu mwenyewe, tumekaa kuzunguka meza yake ya chakula. Alisoma nje, akarudi, na inaonekana kuna mtu alimuudhi uwanja wa ndege, maana hasira zile hazikumtoka. Hakuwa anasalimia. Alikuwa anakula karanga huku anasoma kazi yako, na kabla hujajua ameona nini, anatikisa kichwa. Mimi aliniita Mama Mapazia tangu siku ya kwanza. Wenzangu walikuwa vijana wa chuo, wakacheka, jina likanigandia.

Tulikuwa tunajifunza JavaScript, lugha inayoufanya ukurasa wa mtandao uache kuwa tangazo na uanze kufanya kazi: ukibonyeza kitu kinajibu, ukiandika namba inahesabiwa papo hapo. Jambo alilolisisitiza mno ni kwamba kazi yote ifanyike ndani ya kivinjari cha mtumiaji mwenyewe. Ukurasa ufunguke mara moja, kisha usiende tena kuuliza chochote huko mbali kwenye seva. Hapo nilimwelewa haraka kuliko wale vijana wa chuo. Kichochoroni kwetu mtandao unaingia ukitaka na kutoka ukitaka. Programu ikisubiri mtandao ili ikuambie kama kitambaa kinatosha, mteja atakuwa ameshafika duka la tatu.

Basi nikaandika programu yangu ya kwanza. Niliiandika kama ninavyouza. Kila kitufe nilikipa kila kitu: kitufe cha kitambaa kizito kilijua bei yake, kilijua kuhesabu mikunjo, kilijua kuandika jibu kwenye ukurasa. Kitufe cha kitambaa chepesi nacho hivyo hivyo. Bei ile ile niliiandika popote ilipohitajika. Ikafanya kazi. Nilikuwa nimevimba kichwa nilipoiweka mbele ya mwalimu.

Alitafuna karanga, akasoma. Kisha akabadili bei ya kitambaa kimoja, mahali pamoja tu, akanigeuzia kompyuta.

"Soma hapa juu bei ni ngapi," alisema. Nikasoma. "Sasa soma chini." Chini kulikuwa na bei ya zamani. "Duka lenu lina bei mbili, Mama Mapazia?"

Vijana wakacheka. Kimoyomoyo nilimjibu kwamba Kariakoo nzima ina bei mbili, wewe umekaa Upanga na karanga zako unajua nini. Akaendelea: "Hii siyo programu. Hili ni gunia. Umetia mchele, mkaa na viatu, umefunga kamba." Halafu, bila kuniuliza, akaifuta. Faili lote. Akaniambia nianze upya, safari hii nipange.

Nilipanda bajaji nikiwa nalia. Dereva akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia aangalie barabara.

Lakini nilirudi, kwa sababu kaunta ilikuwa inanisubiri. Na alichonifundisha baada ya hapo, lazima niseme, kilikuwa kizuri. Programu ina sehemu zake na kila sehemu ina kazi yake moja. Kuna ghala: humo ndimo zinakaa habari zote, vitambaa gani vipo, bei ya kila kimoja, dirisha la mteja lina upana gani. Kuna mhesabuji: yeye anachukua kilichomo ghalani na kupiga hesabu. Na kuna muonyeshaji, ambaye kazi yake ni kuchora kwenye skrini alichopewa, basi. Muonyeshaji haruhusiwi kuamua chochote. Haruhusiwi kuwa na bei yake mfukoni. Kitu kikibadilika, kinabadilika ghalani, na waonyeshaji wote wanapewa taarifa wachore upya.

"Ukweli unakaa mahali pamoja," mwalimu alisema. "Wengine wote wanaulizia."

Sentensi ile niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kufundishwa. Nilikaa na mawinga miaka yote ile, nikitazama bei ikitoka mdomoni kwa mtu mmoja hivi na kwa mwingine vile, na hapa kuna mtu ananiambia ipo namna ya kutengeneza kitu ambacho ndani yake bei haiwezi kuwa mbili. Siku nilipobadili namba moja ghalani, na orodha, jumla na risiti vyote vikabadilika pamoja, nilifurahi mpaka nikasahau kumchukia mwalimu. Nikakumbuka aliponiita Mama Mapazia tena.

Nikamaliza programu. Fundi wa kuchomelea wa Ilala alinitengenezea mkono wa chuma, nikaufunga ukutani kando ya kaunta, nikaweka juu yake skrini ya kugusa inayoweza kugeuzwa upande wa muuzaji au wa mteja. Mteja anachagua kitambaa kwa kidole, anaingiza upana wa dirisha, anaona pazia litakavyokaa, na chini, kwa maandishi makubwa, bei. Bei ya duka. Ile iliyomo ghalani.

Najua unachofikiria. Mtu aliyekulia kichochoroni kama mimi anawezaje kuweka bei wazi mbele ya mteja wa winga? Nijibu kwamba mifano yote niliyosomea iliweka bei wazi. Viatu, vitabu, tiketi, kila ukurasa wa mfano una picha na chini yake bei. Nami nilidhani ndivyo dunia inavyofanya, na sisi ndio tuliochelewa. Na nikisema kweli, nilifurahia. Nilitaka wateja wawaone mawinga walivyo.

Wiki ya kwanza haikuisha. Winga mmoja, ndiye aliyekuwa akituletea wateja kuliko wenzake wote, aliingia na mume na mke. Ameshawatajia bei tangu barabarani. Mke akachezea skrini, akachagua kitambaa kile kile, akaingiza upana wa dirisha lake. Akamwonyesha mumewe. Mume akamtazama winga.

"Kaka, umesema ngapi vile?"

Winga akatoa simu, akatoka mlangoni kama mtu aliyepigiwa. Wale watu walinunua kwa bei ya skrini, tena wakanishukuru. Walipoondoka, winga akarudi akaegemea kaunta.

"Sista, umenichoma."

"Sijakuchoma. Nimeandika bei ya duka."

"Umenichoma mchana kweupe. Mimi nimemtoa mteja kule mtaa wa Gerezani juani, wewe umekaa kwenye feni unanikatia mguu."

"Basi mtajie bei ya kweli."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. "Poa," alisema. "Tutaona nani atawaletea watu."

Wakatususia wote. Walikuwa wanapita mlangoni na wateja, taratibu kabisa ili tuwaone, wanaingia duka la mbele yetu. Yule wangu, niliyemchoma, alikuwa akifika usawa wa mlango anapaza sauti kumwambia mteja, "Hapo usiingie mama, hapo pana kunguni." Mapazia yenye kunguni. Nilitoka nje na mkasi mkononi siku moja, dada akanivuta kwa nyuma ya gauni.

Jioni hiyo dada akasema, "Ondoa bei."

"Bei ndiyo programu yenyewe, dada."

"Ondoa. Watu hawaingii."

"Inaonyesha ukweli."

"Ukweli wako unalipa pango?" Hakupandisha sauti. "Tulikubaliana biashara isiyumbe. Inayumba. Ama utafute namna mawinga warudi, ama ung'oe hilo dude tukae kama zamani."

Nilikwenda Upanga kulalamika. Sijui kwa nini nilidhani mwalimu atakuwa upande wangu. Alinisikiliza na karanga zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akacheka, kicheko cha furaha kabisa.

"Sasa tatizo liko wapi? Ghala liache lilivyo. Ongeza muonyeshaji mwingine. Winga ageuze skrini kwake, aingize bei yake, ndipo mteja ageuziwe. Ungekuwa bado na lile gunia lako ungelia mwezi mzima. Kwa kuwa nilikulazimisha kupanga, ni kazi ya mchana mmoja."

"Ulisema ukweli unakaa mahali pamoja."

"Si umekaa? Uko ghalani. Nani amekuambia kila mtu lazima auone?"

Nilimchukia upya, na safari hii zaidi, kwa sababu alikuwa sahihi. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Ile namna nzuri ya kupanga niliyoipenda hivyo ilipokea uongo bila hata kusita. Niliongeza sehemu ya winga kuweka bei yake, na kwenye kona ya skrini nikaacha alama ndogo ya nukta. Ukiigusa, bei ya winga inaondoka, inakuja ya duka. Ukiigusa tena, ya winga inarudi. Hiyo ilikuwa ya dada, ili ajue pale mteja anapoondoka kilicho chake ni kipi.

Mawinga wakarudi. Si kurudi tu, waliipenda. Waligundua upesi kitu ambacho mimi sikukifikiria: mteja anabishana na mdomo wa mtu, lakini habishani na skrini. "Bei ya kompyuta hiyo mama, mimi mwenyewe siwezi kuigusa," walikuwa wanawaambia, na watu wenye akili zao wanafungua pochi. Cha juu kikawa kikubwa kuliko zamani. Mwenye duka la mbele akaja kuuliza kama naweza kumtengenezea na yeye kama ile. Dada akaanza kuzungumza na binti wa jirani yetu wa Ilala, aje kushika kaunta baada ya Idi.

Kwa hiyo nilikuwa nimeshinda. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kimya siku chache zilizobaki. Nilikaa kimya kwa kusaga meno. Kila winga alipogeuza skrini nilijifanya nakunja vitambaa. Yule wangu alikuwa akinikonyeza.

Ilikuwa karibu kabisa na Idi winga huyo alipoingia na mama mmoja mtu mzima, amembebea mkoba. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mwanangu," na kwa lafudhi nikajua ni mtu wa kwetu, wa kusini, huko wazazi wangu walikotoka. Akaniambia ametoka Masasi. Amemaliza nyumba, na baada ya Idi wakwe wa binti yake watakuja kwa mara ya kwanza, hataki wakute madirisha yamezibwa na khanga. Alisema hivyo akicheka, akagusa kitambaa, akakisifia. Winga naye akacheka, akageuza skrini kwake, akaandika, akamgeuzia.

Nimeona bei nyingi za mawinga. Ile ilikuwa ya kumaliza mtu. Hata dada, aliyekuwa anafunga mzigo wa mteja mwingine, aliinua macho.

Mama aliisoma polepole, midomo ikicheza. Halafu hakumwuliza winga. Aliniuliza mimi.

"Mwanangu, hii mashine haidanganyi?"

Dada alikuwa ananitazama. Alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi cha kuonekana na mimi tu. Nilijua anachosema na nilijua ninachopoteza. Binti wa jirani alikuwa ameshapewa hata siku ya kuanza. Nilimwangalia winga, akanikonyeza.

Sikufikiria zaidi ya hapo. Niligusa ile nukta.

Bei ikaanguka mbele ya macho yake. Mama akasogeza uso karibu na skrini.

"Imeshuka," alisema.

"Ndiyo mama. Hiyo ndiyo bei ya duka. Ile nyingine ni ya huyu."

Nilisubiri ageuke amwangalie winga kama yule mume alivyomwangalia. Hakugeuka. Alikuwa ananiangalia mimi, na kile kicheko cha mwanzo kilikuwa kimetoka usoni.

"Kwa hiyo mnabonyeza tu inashuka," alisema. "Hebu bonyeza tena ishuke."

"Haishuki tena mama, hapo ndipo mwisho."

Akanyoosha kidole chake mwenyewe, akagusa nukta. Bei ikapanda ilikokuwa.

Winga alikuwa mwepesi, nitampa hilo. "Umeona mama?" alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Haya maduka ya kompyuta ndiyo maana huwa sipendi kuleta watu. Akitaka inapanda, akitaka inashuka. Twende nikupeleke kwa mtu anayetaja bei kwa mdomo, mkapatane kama binadamu."

"Mama, ni yeye aliyeandika hiyo bei," nilisema. "Mimi ndiye niliyekuambia kweli."

"Wewe ndiye unayebonyeza, mwanangu," alinijibu, bila hasira, kama mtu anayemhurumia mtoto wa mwenzake aliyeharibikiwa. Akamgeukia winga. "Twende baba. Hawa wezi."

Winga akachukua mkoba. Pale mlangoni pana mtaro uliovunjika kifuniko, na mama akashika mkono wake ili avuke. Akamvusha vizuri, taratibu, kama mtu anayemvusha mzazi wake, wakaingia duka la mbele. Niliwaona wakikaribishwa viti. Niliwaona wakinunua.

Nilikuwa na maneno ya kutosha kwa ajili ya dada, nimeyapanga yote, yeye aanze tu. Hakuanza. Alimaliza kufunga mzigo wake, akamrudishia mteja chenji, akakaribisha mwingine aliyeingia. Huyo akaonyesha kitambaa cha kijani ukutani, akasema hakioni vizuri, kuna kitu kimekikinga.

"Mshushie hiyo skrini," dada aliniambia, "aone kitambaa."

Nikaishusha kutoka kwenye mkono wake wa chuma, nikachukua mkasi.